Njia ya Uongo ya Wilda Arbogast

Dirisha la chumba alichopewa Wilda Arbogast nyumbani kwa binti yake, mjini Columbus, lilitazama maegesho ya magari, na ng'ambo ya maegesho hayo kulikuwa na maegesho mengine. Wilda alikaa mbele ya dirisha hilo majira yote ya baridi, ghorofa ya nne, akisubiri kuona kitu kinachoota. Kilichoota ni bango la daktari wa meno.

Hakuwa mfungwa, tuseme ukweli. Binti yake Tonya alimpenda. Mkwewe Kurt naye alimpenda, kwa kiasi ambacho mwanamume anaweza kumpenda mama mkwe anayekaa bafuni kwake dakika hamsini. Lakini Wilda alikuwa mtu wa Birch Lick, milimani Virginia Magharibi. Huko ndiko alikozaliwa, ndiko alikoolewa na marehemu Denzil, na ndiko alikowapikia watoto wa shule miaka thelathini na mmoja. Mpaka leo kuna wanaume wenye vitambi na vyeo ambao wakimwona anaingia dukani wanakaa sawa, kwa kuukumbuka upawa wake.

Novemba alipigwa na kiharusi, ndipo Tonya akamchukua kwenda Columbus. Kidogo, madaktari walisema. Wao hawakuwa ndani ya kichwa kile. Mkono ulirudi, mguu ukarudi, mdomo ukarudi kabla ya vyote na Kurt ni shahidi. Ila kuna vitu vilikuwa vimechomoka kichwani bila kuaga. Jina la mchungaji. Siku ambayo takataka hutolewa. Januari alitoka supamaketi akalikosa gari, akazunguka maegesho kwa dakika arobaini, mpaka mlinzi akamkuta amesimama kando ya gari la mtu mwingine, analia kwa hasira. Wiki hiyohiyo Tonya alianza kuzungumzia kuuza nyumba ya Birch Lick.

"Nipe siku chache za Aprili," Wilda alimwambia. "Nikipotea kwangu, uza. Kibao cha kuuza nitakipigilia mimi mwenyewe."

"Nani atapima kama umepotea, mama?"

"Wewe. Utanifuata mpaka kwenye rampu."

Hapo Tonya alikubali, maana hilo lilikuwa jambo zito. Rampu ni vitunguu vya mwituni, vyenye jani pana na harufu ya kumfukuza shetani, ambavyo hutokea milimani theluji ikiisha tu. Kila Jumamosi ya mwisho ya Aprili, ukumbi wa zimamoto wa Birch Lick hukaanga rampu na viazi katika mafuta ya nguruwe, watu hula mpaka mikanda ilegee, na kwa siku tatu baada ya hapo hakuna mtu wa bonde lile anayeweza kumbusu mgeni. Kikapu cha kwanza hutoka kwa wanawake wa ukoo wa akina Wilda. Wanakokitoa hakujulikani. Mama humwonyesha binti mara moja tu, binti akishatulia bondeni. Tonya aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa. Sasa ana arobaini na minane na hajawahi kuonyeshwa.

Walifika Jumatano mchana. Tonya alipozima gari uani, Wilda hakushuka. Alishusha kioo kwanza. Bonde zima lilinuka matope yaliyoanza kupata joto, na kwenye kinamasi nyuma ya banda vyura wadogo walikuwa wanapiga kelele kama darasa la kwanza mwalimu akitoka nje. Mlima bado ulikuwa wa kijivu kwa miti isiyo na jani, lakini hapa na pale palikuwa na doa jeupe: mti wa sarvis umechanua, ule ambao wazee wa zamani wakiuona walijua udongo umelainika vya kutosha kuwazika waliokufa wakati wa barafu. Wilda aliutazama mlima kutoka chini mpaka juu, taratibu, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya safari. Wote walikuwepo.

"Unalia, mama?"

"Mafua."

"Mafua gani tena?"

"Ya Ohio. Ndiyo yanatoka."

Siku ya Alhamisi alikaa kwenye ngazi za baraza tangu kifungua kinywa mpaka jua lilipohamia upande wa pili, hakufanya lolote la maana. Tonya alimchungulia dirishani mara kumi na moja. Kila alipochungulia, mama yake alikuwa ameangalia sehemu nyingine ya mlima, na mabega yake yalikuwa yameshuka kidogo zaidi.

Ijumaa asubuhi wakatoka. Wilda alivaa buti za Denzil na soksi mbili mbili. Tonya alivaa viatu vyeupe.

"Hivyo viatu unavipeleka kuzikwa?" Wilda aliuliza.

"Ndivyo nilivyokuja navyo."

"Basi viage."

Walipandisha na kijito. Theluji ya mwisho ya mlimani ilikuwa inashuka humo, maji yakikimbia kama yana kesi mahakamani. Wilda alitangulia na kikapu begani, Tonya nyuma yake, simu mkononi ingawa kule simu ni kioo cha kujitazamia tu. Wakafika kwenye njia panda, mahali ambapo kijito kinapokea kijito kingine. Wilda akasimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Njia zote mbili zilimtazama kama watu wawili aliowahi kujulishwa kwao kwenye harusi.

Kisha akaona kitambaa.

Kilikuwa cha buluu, kipande chembamba, kimefungwa kwenye tawi la upande wa kulia, juu kidogo ya kichwa. Alikijua mara moja. Kilikatwa kwenye aproni kuukuu ya jikoni la shule, na fundo lile la kupindua mara mbili ni fundo lake, hakuna mtu mwingine alifungaye. Hatua ishirini mbele kulikuwa na kingine. Moyo ulimpasuka kwa furaha. Kumbe alijiachia alama. Kumbe Wilda wa zamani alikuwa na akili za kumtosha na huyu wa sasa.

"Huku," alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwapangia watoto mstari.

Walifuata vitambaa nusu saa nzima. Viliwapandisha, vikawateremsha, vikawapitisha katikati ya miiba iliyomchana Tonya suruali. Vikawavusha kwenye gogo lililooza, na hapo kiatu cheupe cha kushoto kikaingia kwenye tope na kutoka kimebadili rangi na dini. Mwisho wa yote vitambaa vikaisha. Mbele yao palikuwa na bwawa la tope jeusi, lenye yale makabichi ya kinamasi yanayonuka mzoga, na mti mkubwa ulioangushwa na upepo, mizizi hewani. Rampu haikuwepo hata jani.

Wilda alizunguka mara moja. Akazunguka tena. Akarudi kwenye kitambaa cha mwisho, akakishika, akalitazama fundo. Lilikuwa fundo lake. Mkono wake ndio ulioleta watu hapa, na kichwa chake hakikujua kwa nini.

"Mama," Tonya alisema.

Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. Ilikuwa ile sauti ya hospitalini, laini, ya kumvalisha mtu blanketi.

"Ngoja kwanza."

"Hakuna neno, mama. Tupumzike kidogo halafu tushuke polepole. Si kosa lako."

Wilda alijua maana ya "si kosa lako". Maana yake kibao tayari kilikuwa kwenye buti la gari.

"Mmechelewa," ikasema sauti kutoka nyuma ya mti ulioanguka.

Tonya aliruka. Nyuma ya ile mizizi, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa amekaa Okey Teter, jirani yao wa chini ya kilima, miaka sabini na mitatu, kofia ya trekta kichwani na mfuko wa mkate mapajani. Mzee huyu amekuwa akitafuta shamba la rampu la Wilda tangu Tonya akiwa shule ya upili. Aliwahi kulala siku nzima chini ya pikapu ya Denzil akitegemea kumwona Wilda anapita.

"Okey Teter," Wilda alisema. "Unafanya nini hapa?"

"Hilo ndilo ninalotaka kukuuliza wewe." Okey alimtazama, akatazama kitambaa mkononi mwake, akaanza kucheka taratibu mpaka kofia ikasogea. "Usiniambie, Wilda. Leo umeamua kujidanganya mwenyewe?"

"Kujidanganya kitu gani?" Tonya aliuliza.

"Mwanangu, hivi vitambaa ni vya uongo. Mlima mzima unajua. Mama yako huvifunga kila vuli ili mimi nivifuate na kuishia kwenye matope, halafu yeye apite kwingine na kikapu chake. Miaka ishirini na sita."

Wilda alikaa juu ya gogo. Na papo hapo likamjia: meza ya jikoni, Denzil na mkasi, aproni kuukuu zimekatwa vipande, wawili wao wakicheka mpaka Denzil akatokwa na kikohozi. "Mpitishe kwenye miiba," Denzil alisema. "Mpitishe na kwenye lile gogo bovu." Lilikuwa limechomoka kichwani hili nalo, na sasa lilikuwa limerudi na mkasi wake na kicheko chake, zima kabisa.

"Kwa hiyo zilikuwa alama za uongo," Tonya alisema, akiwa anapima kila neno. "Na ulizifuata kwa sababu ulisahau kuwa ni za uongo."

"Nilisahau kuwa mimi ni mwongo," Wilda alisema. "Ni jambo la kawaida. Wanasiasa wote wanalo."

"Na wewe, mzee Okey? Kama unajua ni uongo, unafuata nini?"

Okey alifungua mfuko wa mkate. Ulikuwa umejaa uyoga wa machipuko, ule wenye kichwa kama sega la nyuki, mkubwa, mwingine unalingana na ngumi. Kule kwetu uyoga huo ukiuona kumi unamwita mchungaji. Huyu alikuwa na mfuko mzima.

"Mwaka wa kwanza nilifika hapa, nikaona hakuna rampu, nikakaa chini nimtukane mama yako vizuri," alisema. "Nikaweka mkono juu ya uyoga. Tangu siku hiyo sijawahi kukosa. Naukaanga na siagi. Mama yako anapokuwa kule anang'oa vitunguu vya kunuka, mimi huku nakula kama gavana." Akamgeukia Wilda. "Mwaka huu uliposhikwa na ugonjwa niliingiwa na wasiwasi wa kweli. Nilisema, huyu akifa, nani atanifungia vitambaa?"

"Miaka ishirini na sita," Wilda alisema, "na hukuwahi hata kuniletea mmoja."

"Ungejua, ungeacha kufunga."

Wilda alitaka kukasirika na akashindwa. Kitu kilikuwa kinamfunguka kifuani, kifungo baada ya kifungo. Hakuwa amepotea. Alikuwa amefika palepale alipokuwa amepanga mtu afike.

Lakini Tonya hakuwa amemaliza. "Na ile njia ya kweli, mama?"

Ile ya kweli. Wilda aliitafuta kichwani kama mtu anayetafuta namba ya simu, na akakuta mahali pake peupe. Ile haikuwahi kuwa na alama. Ndiyo ilikuwa siri yenyewe.

Okey alimwona. Majirani wa miaka mingi ndio ubaya wao, wanaona. Alivuta kofia mpaka puani, akageuza ndoo, akakaa kuwapa mgongo. "Mimi hapa napumzika nusu saa," alisema. "Sioni wala sisikii. Ukitaka niape, nitaapa, ila mkono wangu mmoja una uyoga."

Walirudi mpaka njia panda. Wilda alikaa juu ya jiwe lililovaa manyoya ya kijani, akamwambia binti yake: "Usiniulize kitu. Kaa."

Tonya alikaa.

Mwanzoni Wilda aliendelea kutafuta. Alijibana, akakunja uso, akajaribu kumkumbuka mama yake mzazi akitangulia na gauni lake la maua. Hakikuja kitu ila hofu ileile ya maegesho. Kisha akachoka, na kwa kuwa alikuwa amechoka, akaacha. Akatazama tu.

Mwezi huo mlimani jua hufika chini. Majani hayajafunga paa bado, kwa hiyo maua yote madogo huwahi kutoka haraka kabla ya kufungiwa giza. Yalikuwa yametapakaa mteremko mzima, meupe yenye petali tatu, na ya njano yaliyoinamisha vichwa kama wanafunzi ambao hawakufanya kazi ya nyumbani. Kigong'ota alikuwa anafanya kazi juu ya mti mkavu. Maji ya kijito cha kulia yalikuwa na kelele nyembamba, ya kushoto yalikuwa na sauti nzito, ya tumboni. Wilda alikuwa ameisikia sauti hiyo ya pili maisha yake yote bila kujua kuwa anaisikia. Upepo ulishuka kutoka juu ukiwa na baridi ya kivulini, akavuta pumzi, na pumzi ikaenda chini kabisa, mahali ambapo tangu Novemba haikuwa imefika. Hakuna kitu hapa kilichokuwa kinamsubiri akikosee. Mlima haukuwa na haraka naye.

Alikaa hivyo dakika kumi, labda kumi na tano. Halafu akasimama, si kwa sababu amekumbuka, bali kwa sababu makalio yamelowa.

"Ule mkate wa mahindi wa Kurt," alisema huku akianza kutembea, "anaweka sukari. Nani alimfundisha kuweka sukari?"

"Mama yake."

"Nilijua. Yule mwanamke nilimwona harusini kwako, nikamwambia baba yako, huyu anaweka sukari."

Walikwenda kushoto. Tonya aliliona hilo, akafuata. Wilda aliendelea kumsema mama wa watu, na miguu ikaendelea na shughuli zake: ikazunguka jiwe kubwa lenye umbo la jiko, ikapita chini ya misonobari mitatu mahali ambapo ardhi inadunda, ikavuka kijito kwenye mawe mawili ambayo huwezi kuyaona mpaka uwe umeshayakanyaga. Alikuwa amefika kwenye kachumbari ya kabichi, ambayo nayo yule mwanamke aliiharibu, aliponyamaza katikati ya neno.

Harufu ilikuwa imewapokea.

Mbele yao, kwenye mteremko wa kivulini chini ya miti ya sukari, ile inayogemwa utomvu mtamu, kijani kilikuwa kimemwagika. Majani mapana, mororo, yamebanana kuanzia miguuni pao mpaka juu kwenye mwamba, kama shuka iliyotandikwa na mtu mwenye haraka. Wilda aliweka kikapu chini. Alitazama kwa muda, akapangusa uso kwa mkono wa sweta.

"Mafua?" Tonya aliuliza.

"Nyamaza."

Tonya naye alikuwa anavuta vuta pua. Alipiga goti kwenye matope, suruali iliyochanika na yote, akanyoosha mkono kwenye shina la kwanza ili alivute.

Wilda alimpiga kofi mkononi. "Hung'oi. Unakata jani moja, la pili unaliacha, na kitunguu kinabaki chini. Ukikata hapa, unahamia pale. Ukivuta, mwaka wa kumi hakuna kitu, na bibi yako atafufuka akutafute mpaka Ohio." Akampa kisu kimoja, kingine akabaki nacho. "Mwaka ujao utakuja wewe mbele, mimi nyuma. Nione kama ulikuwa unaangalia njia au ulikuwa unaangalia viatu."

Tonya alikata jani, akahama, akakata jingine. Kikapu kilipofika nusu alisimama, akapanda juu ya mwamba ambako simu hupata mawimbi mawili, akampigia mumewe. Wilda aliendelea kukata, ila kisu hakikuwa kinakata kitu.

"Tuko wazima," Tonya alisema. "Hapana. Hapana, Kurt, nisikilize. Jumapili narudi peke yangu. Ndiyo, nina uhakika. Nimemwona." Akasikiliza. "Hapana, nyumba hatuuzi. Mpigie yule dalali umwambie."

Alishuka akaja kukaa kando ya mama yake, akasema: "Anakusalimia. Anasema chumba chako atakuwekea, ukikihitaji."

"Mwambie aingize ile baiskeli yake ya mazoezi. Ile anayoning'inizia mashati."

"Nina masharti, mama."

"Ulizaliwa nayo."

"Kila asubuhi unanipigia simu. Kila asubuhi, si ukijisikia. Gari huendeshi mpaka daktari aseme. Na mzee Okey atapita kukuangalia."

Wilda aliinua kichwa. "Okey? Okey aje kuniangalia mimi?"

"Amekufuata miaka ishirini na sita. Huyo hahitaji mafunzo."

Kwa mara ya kwanza tangu kiharusi mdomo wa Wilda ulikuwa umechelewa. Chini yao maji yenye sauti nzito yalikuwa yanapita.

"Basi asije kabla ya saa mbili," alisema, akarudisha goti chini na kuendelea kukata.